Pasaka ya Alfajiri katika Nchi ya Rungwe

Wamoravia hawana ada ya kumtengea kila mtakatifu siku yake. Hata Jan Hus, aliyechomwa moto huko Konstanz tarehe 6 Julai 1415, na ambaye kanisa lao lajinasibisha naye, wao humkumbuka kama shahidi wa imani, wala hawamwombi. Walakini wanayo sikukuu moja ya marehemu wote jamii, nayo ndiyo ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, waliyokuja nayo wageni katika nchi hii ya Rungwe, yenye Tukuyu na Ikuti.

Asili yake ni Herrnhut, katika Saxony, ambako mwaka 1732 vijana wanaume wasiooa walipanda kilima cha makaburi kabla ya mapambazuko, wakaimba hata jua likachomoza. Jumuiya ile ya Wamoravia iligawanywa kwa umri na jinsia, vijana kwa vijana na wajane kwa wajane, hata makaburini walilazwa kwa mafungu hayo, si kwa koo zao. Mwaka 1891 wamisionari wanne wa Kimoravia, Theodor Meyer, Theophil Richter, Johannes Häfner na Georg Martin, waliwasili Unyakyusa, ndiyo nchi hii ya Rungwe. Na kwa kuwa Martin alifariki mwaka uleule, wageni wale walipata kaburi kabla ya kupata kanisa.

Kwa bahati waliwafikia watu ambao wavulana wao, wakisha kukua kiasi, walihama nyumba za baba zao wakajenga kijiji cha rika lao, wakala pamoja na kuzeeka pamoja. Tena watu ambao mazishi kwao yalikuwa mkutano adhimu wa ngoma na ng'ombe wa kuchinjwa. Kuwakumbuka wafu mbele ya kadamnasi, huku mtu amesimama bega kwa bega na hirimu zake, halikuwa jambo geni kwao. Lililokuwa jipya ni bishara ya ufufuo.

Wamisionari hao Wajerumani waliondolewa na Waingereza mwaka 1916, na Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakashika usimamizi. Wajerumani wakarejea miaka ya 1920, wakaondolewa tena katika Vita vya Pili vya Dunia, ilhali walimu na wazee wenyeji hawakwenda popote. Sikukuu haiwi mali ya mwenyeji siku anapoalikwa, bali siku anapoiandaa mwenyewe na aliyeileta hayupo. Na kwa mizani hiyo, Pasaka ya alfajiri ni mila halali ya Rungwe.