Dakika Mbili hadi Butiama

Babu aliitazama video yote bila kusema neno. Ilikuwa ya dakika mbili, kwa hiyo hakukaa kimya sana. Ilipofika mwisho, miamba ya Mwitongo ikaganda kwenye kioo, naye akanirudishia simu.

“Mbona umewapita watu wote bila kusalimia?”

Nilikuwa nimesalimia. Kutoka Nyamuswa hadi Butiama koo lilinikauka kwa shikamoo. Lakini kwenye video hakuna shikamoo, na watu wenyewe wanaonekana kama nzi waliopita mbele ya lenzi.

Miguu ya babu ilikataa miaka miwili iliyopita. Ujanani alichuuza dagaa wa Ziwa kwa baiskeli ya Raleigh, na njia hii aliijua kwa mashimo yake. Aliniomba jambo moja tu, aione tena. Miaka ya karibuni nilikuwa nimeona picha za msafara wa Twende Butiama, wale waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam hadi nyumbani kwa Mwalimu, nikajua la kufanya. Nikaazima kamera ndogo ya GoPro, nikaifunga kwenye usukani, nikaiweka ipige picha moja kila baada ya sekunde mbili.

Saa mbili za safari zilitoa picha 3,600. Zikichezwa 30 kwa sekunde, zinakwisha kwa dakika mbili. Hesabu hiyo ilinifurahisha, na nilisahau upande wake wa pili: kati ya picha na picha, baiskeli yangu ilikuwa inasonga kama mita saba. Kilima cha mbali kinabaki katika mamia ya picha. Mtu aliyesimama kando ya njia anapata mbili au tatu, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Kamera ya namna hii humtunza aliye mbali na kumtupa aliye karibu.

Haikuanzia kwenye baiskeli. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kwa mstari ili ajue kama farasi anayekimbia huinua miguu yote minne kwa pamoja. (Huinua.) Yeye alitaka kuusimamisha mwendo. Mwaka 1910 Mwingereza Percy Smith alifanya kinyume chake, akawaonyesha watu maua yakichanua kwa sekunde chache. GoPro ya kwanza, iliyouzwa mwaka 2004 na Nick Woodman, mpenda kuteleza kwenye mawimbi, ilikuwa bado inatumia filamu ya kawaida.

Ua halisalimii, kwa hiyo Smith hakupoteza kitu.

Nilipomweleza babu habari za sekunde mbilimbili, akacheka. “Basi ndivyo mlivyosomeshwa ile safari ya Mwalimu.”

Alikuwa na maana ya Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya maili 100. Kitabuni nilikutana na sentensi moja na picha moja. Babu alikuwapo. Yeye na rafiki yake walipanda Raleigh moja, mmoja akikanyaga na mwingine amekaa nyuma, wakaenda kusubiri barabara ya Bunda. Walisubiri tangu asubuhi. Ukimwuliza alivyokuwa Mwalimu, atasema alikuwa na vumbi, basi. Ila kuhusu kusubiri anaweza kukusimulia hadi chakula kipoe: nani alileta togwa, nani aligombana na nani, mvua iliyotishia ikaenda zake.

Nikairudisha video nyuma, safari hii picha moja baada ya nyingine, kwa kidole. Tulikwenda polepole kuliko nilivyoendesha. Karibu na katikati akanishika mkono.

“Hapo.”

Mwembe, jabali, na nyumba ya bati iliyoinama upande mmoja. Chini ya mwembe, mama mzee ameinua mkono. Picha inayofuata mkono upo. Inayofuata, hakuna mwembe.

“Hapo ni kwa rafiki yangu,” alisema. “Yule wa Bunda.” Rafiki huyo alifariki zamani, hilo nilikuwa nalijua. “Na huyu ni shemeji. Mimi niliambiwa naye ameshakufa.”

Akaitazama picha ile hadi simu ikazima kioo. Nikaiwasha.

“Alikuitikia?”

Sikukumbuka. Nilikuwa nimepiga kengele, nikasema shikamoo, nikapita.

“Kesho rudi,” alisema. “Mpelekee sukari. Na ushuke kwenye baiskeli.”