Mpaka na Taka: Habari za Huduma za Baraza la Mji katika Ilala

Atakaye kuijua historia ya baraza la mji hana budi kuuliza maswali mawili: mpaka ulichorwa wapi, na ni kitu gani kilichopelekwa kila upande wa mpaka huo. Wilaya ya Ilala katika Dar es Salaam, inayoanzia bandarini na kufika mpaka vilima vya Pugu, yatupa mfano ulio wazi. Tena mfano huo wawahusu wachunguzi wa lugha, kwani sehemu kubwa ya habari zenyewe imehifadhiwa katika majina na maneno ya mitaani.

Mwaka 1914 serikali ya Wajerumani iliweka sheria ya ujenzi iliyougawa mji katika maeneo matatu. La kwanza lilitakiwa nyumba za namna ya Kizungu tu. La tatu, lililokuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, liliachiwa nyumba za miti na udongo. Waingereza walipoingia mjini mwezi wa Septemba 1916 hawakuufuta mgawanyo huo. Katika eneo lile la tatu walipiga kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalifanya jina hilo kuwa Kariakoo.

Msomaji apitaye mitaa ya Kariakoo atakuta majina ya Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti. Yote matatu ni mahali palipopiganwa vita mwaka 1917 katika nchi za nyuma ya Kilwa na Lindi. Hivyo vita iliyowamaliza wapagazi kwa maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, imeandikwa katika vibao vya mtaa uliobeba jina lao. Lakini kumbukumbu ni jambo moja, na huduma ni jambo jingine. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga wakazi wa upande mmoja na wa upande wa pili, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Barabara zilizotengenezwa vizuri, mifereji ya maji machafu na mabomba ya nyumbani vilianzia upande wa bahari. Upande wa pili watu walingoja.

Mji ulipata baraza la manispaa mwaka 1949. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia serikali ilijenga nyumba za kupangisha Waafrika katika Ilala, Magomeni na Temeke, na hapo lugha ikapata neno kota. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyekwisha kuandika kanuni za utungaji wa mashairi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru, mji ukatangazwa kuwa jiji.

Ingefaa kudhani kwamba tangu hapo mpaka wa huduma ulikwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 1974 halmashauri ya jiji ilivunjwa, na kazi zake zikagawanywa kwa wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya maofisa wa serikali kuu. Uzoaji wa taka na utunzaji wa mifereji ulidhoofika, na kipindupindu kilichoikumba nchi kuanzia 1977 kilionyesha hatari ya miji isiyokuwa na mwenye kuisafisha. Mwaka 1978 halmashauri ilirudishwa, lakini mali na vyombo vyake vilikuwa vimechakaa.

Kisa cha Tabata ndicho chenye fundisho kubwa. Halmashauri ilikuwa ikitupa taka za jiji mahali hapo, karibu na makazi ya watu, na moshi, uvundo na nzi viliwasumbua. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru utupaji ukomeshwe na patafutwe mahali pengine pasipodhuru afya. Halmashauri iliomba muda, ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akisema kwamba kuwahatarisha watu kwa uchafu ni kuivunja haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Hapo huduma ya mji, iliyokuwa kama hisani ya wakubwa, ilitambuliwa kuwa deni.

Hata hivyo, taka hazikutoweka. Zilipelekwa Vingunguti, mtaa wa wilaya ile ile uliojengwa kwa sehemu kubwa bila ramani, na miaka ya baadaye zikafika Pugu. Neno dampo likahama pamoja nazo. Tangu hapo Ilala imekuwa manispaa mwaka 2000, na mwaka 2021 ikapandishwa kuwa jiji baada ya halmashauri ya jiji la Dar es Salaam kuvunjwa. Vyeo vimebadilika mara nyingi kuliko ilivyobadilika desturi ya kuwabebesha walio pembeni uchafu wa walio katikati. Kariakoo, kota na dampo ni maneno ya mkopo, na kamusi yaweza kuyaeleza kwa mstari mmoja. Lakini atakayeyapanga kwa tarehe zake ataona ndani yake ni nani aliyehudumiwa, na ni nani aliyebebeshwa mzigo.