Mama na Mtoto Katika Bamba la Shaba

Chapa za dini za enzi ya Baroko zilimtoa Bikira Maria altareni zikamtia mkononi mwa muumini. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ulithibitisha kwamba picha takatifu zina nafasi katika ibada, na karatasi ikazifikisha hata kwa wasioweza kununua mchoro wa rangi. Fundi alilipaka nta bamba la shaba, akachora juu yake kwa sindano, kisha akalitia asidi, nayo ikala shaba pale tu nta ilipokwaruzwa. Sindano ilikwenda kwa wepesi wa kalamu, na wepesi huo ndio uliofaa kwa shavu la mtoto mchanga na mikunjo ya nguo ya mama.

Mchoraji Barocci wa Urbino, katika chapa ya mnamo 1581, alimweka Maria mawinguni pamoja na mwanawe. Mchoraji mwingine, Annibale Carracci, akamshusha: katika chapa yake ya mwaka 1606, Maria anamnywesha Yohane Mbatizaji, akiwa bado mtoto, kwa bakuli, kazi ya mama yeyote.

Mchoraji Rembrandt aliishi Amsterdam, ambako makanisa ya Kiprotestanti hayakuweka picha. Huko Maria alitazamwa nyumbani. Mwaka 1641 Rembrandt alimfuata Barocci, ila uso wa Maria akautia huzuni. Kwenye goti la Maria umebaki uso mwingine, juu chini: mchoraji alikwisha kuanza, akaligeuza bamba, akaendelea bila kuufuta. Kufikia wakati huo yeye na mkewe Saskia walikuwa wamezika watoto watatu wachanga, na Titus, wa nne, alizaliwa Septemba mwaka huohuo. Ni vigumu kuutazama uso ule wa mama bila kuwakumbuka watoto hao.

Chapa ya Rembrandt ya mwaka 1654, yenye upana wa sentimita 14 hivi, ndiyo inayogusa kuliko zote. Maria ameketi karibu kabisa na sakafu, amempakata mtoto, shavu kwa shavu. Mkao huo Rembrandt aliupata kwa Andrea Mantegna, Mwitalia wa karne ya 15, ambaye chapa zake alizikusanya. Paka anachezea upindo wa nguo. Chini ya mguu wa Maria yumo nyoka, yule wa Kitabu cha Mwanzo, na mama hamtazami hata kidogo. Nakshi za dirisha zimezunguka kichwa chake kama duara la nuru, na nje ya kioo Yosefu anachungulia ndani.