Shahidi na Mchoraji: Kutoka Ziwa la Unyamwezi hadi Ushahidi

Katika miaka ya 1850, wamisionari wawili Wajerumani wa Church Missionary Society, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walichora ramani ya maziwa ambayo hawakuwahi kuyaona. Kalamu ilikuwa yao; maarifa yalikuwa ya wasafiri wa misafara waliohojiwa Tanga, Mombasa na kwingineko pwani. Kila msafiri alieleza njia yake na siku za mwendo, na mwishoni mwa kila njia palikuwa na maji makubwa. Ndivyo walivyosema waliopita kusini, waliofika Ujiji kwa njia ya Unyamwezi, na waliotokea kaskazini. Wamisionari wakahitimisha kuwa maji hayo yote ni mamoja. Ramani iliyochapishwa mwaka 1856 ikaonyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la koa.

Kosa hilo aghalabu hutwikwa masimulizi ya wenyeji. Hukumu hiyo si ya haki. Kila shahidi alisema kweli kuhusu maji aliyoyafikia. Nyasa, Tanganyika na Nyanza viliunganishwa na mchoraji. Mstari wa ufuo, ukishachorwa, hausemi ni wapi maneno ya msafiri yanakoma na ni wapi dhana ya mwenye kalamu inaanza. Safari ya Burton na Speke ya 1857 hadi 1859 ndiyo iliyoanza kuyatenganisha maziwa hayo machoni pa Ulaya.

Suala hilohilo lilirejea Kenya kwa sura nyingine, baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 na machafuko yaliyowaua watu zaidi ya 1,100. Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha kwenye intaneti ramani iliyoitwa Ushahidi. Taarifa zilipokelewa kwa simu za mkononi na kwa tovuti, kisha kila moja ikawekwa mahali pake kama kitone. Mtazamaji aliyebofya kitone alikuta maelezo yenyewe, yakiwa na mahali na tarehe. Ushahidi mmoja haukumezwa na mwingine, jambo ambalo karatasi ya 1856 haikuliweza.

Hata hivyo, jina lenyewe lina mtego. Katika Kiswahili, ushahidi ni maelezo ya aliyeona, na pia ni kithibitisho cha kutolewa mahakamani. Ramani ilikusanya ya kwanza. Msomaji mwepesi aliweza kudhani amepewa cha pili. Tena, kijiji kisicho na mtandao wa simu, au chenye watu walioogopa kuandika, kilionekana kitupu, sawa na kijiji chenye amani.

Programu hiyo ilipotumiwa Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, ujumbe mwingi ulifika kwa Kikrioli, na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa ng'ambo, waliutafsiri kwa Kiingereza kabla haujawekwa ramanini. Hapo kati ya shahidi na mchoraji akasimama mtu wa tatu, mfasiri, ambaye kitone hakimtaji.