Motokari ya zamani, bafle la mlango na habari zinazopotea

Kwetu redio ya motokari si ya dereva peke yake. Motokari ikisimama na mlango wazi, watu wanakaribia kusikia: barabara gani inapitika, wapi kuna utulivu, nani wameanza kurudi. Aliyekimbia bila kubeba redio anategemea mlango ule. Bafle likikufa, si muziki tu unaopotea.

Bafle lenyewe lina karibu miaka mia moja. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni General Electric, Marekani, walieleza namna tunayotumia mpaka leo: waya uliozungushwa ndani ya sumaku, unasukuma koni ya karatasi, na koni inasukuma hewa. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin, Chicago, ikaanza kuuza redio ya motokari kwa jina la Motorola. Wakati ule bafle lilikuwa moja, karibu na dereva. Kisha ikaja stereo, inayotaka sauti ya kushoto na ya kuume, na mabafle yakahamia milangoni.

Huku kwetu redio ilitangulia motokari nyingi. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, mtoto wa Musumba, alitumia redio kutangaza kwamba Katanga inajitenga. Machi 1977 askari wa FNLC waliingia kutoka Angola, wakakamata Dilolo, Kapanga na Sandoa yetu. Miaka ile habari za mbali zilikuja kwa mawimbi mafupi, na transista ndogo ilitosha. Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa, watu wengi wakazoea FM.

Hapo motokari za Japani zinatutega. Zinakuja kwa bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia Kasumbalesa, na redio zake za zamani zinashika FM ya 76 mpaka 90 tu. Kule Japani nafasi ya 90 mpaka 108 ilikuwa ya televisheni, chaneli 1 mpaka 3, hata televisheni ya zamani ikazimwa mwaka 2011. Kwetu FM ni 87.5 mpaka 108. Basi mwenye motokari anasikia mchakacho, anasema bafle limekufa, ananunua jipya, na mchakacho unabaki palepale! Angalia namba za redio kwanza. Zikiishia 90, dawa ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha mawimbi, ama kubadilisha redio yote.

Redio ikiwa nzima, fungua mlango. Mlango ni mahali pabaya pa kuweka karatasi: maji ya mvua yanateremka na kioo, na kiangazi vumbi ya barabara ya Kolwezi inaingia kila tundu. Waya nao unakunjwa kila mara mlango unapofunguliwa, mpaka unakatika ndani ya mpira wake pale kwenye bawaba. Sauti ikija na kupotea ukisukuma mlango, tafuta hapo kabla ya kulaumu bafle.

Chomoa bafle, ligusishe kidogo na betri ya tochi ya volti 1.5. Likitoa "tak" na koni ikisogea, waya wa ndani ni mzima. Likinyamaza kabisa, pengine limeungua. Ikiwa sponji ya pembeni imeoza lakini koni ni nzima, fundi anaweza kubandika sponji mpya, akiangalia koni ikae katikati isikwaruze sumaku. Kwangu hiyo ni bora kuliko bafle la bei rahisi la sokoni.

Ukinunua jipya, soma nyuma: mengi ya motokari ni omu 4. Ukiweka la chini kuliko la kwanza, redio inaweza kupata moto. Fuata alama za + na – milango yote miwili, kwani ukigeuza upande mmoja, sauti nzito inapotea. Na ile plastiki ya ndani ya mlango irudishe mahali pake. Mafundi wengi wanaitupa, na mvua ya kwanza inalowesha bafle jipya.