Risasi za .223 Remington na 5.56 NATO

Ni risasi mbili za bunduki zenye asili moja, ya kwanza ya kiraia na ya pili ya kijeshi, na maganda yake yanafanana kwa nje kiasi kwamba moja huingia bila taabu kwenye chemba ya nyingine. Kufanana huko kunapotosha. Ya kiraia ilipata viwango vyake Marekani mwaka 1964. Ya kijeshi ilikubaliwa na NATO mwaka 1980, ikiwa na kichwa kizito zaidi kilichobuniwa Ubelgiji. Wengi hulinganisha kanieneo: paundi 55,000 kwa inchi ya mraba dhidi ya takriban 62,000. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu NATO hupima mahali tofauti kwenye ganda, na viwango vya Ulaya vya C.I.P. huiruhusia .223 kiasi kilekile cha megapaskali 430. Tofauti ya kweli imo ndani ya bunduki. Chemba ya kijeshi huacha nafasi ndefu zaidi kabla kichwa hakijagusa mifereji ya mtutu. Kwenye chemba fupi ya kiraia, risasi ya jeshi huweza kupandisha kanieneo kupita kiasi. Wapo wanaopinga wakisema kwamba wamezifyatua mara nyingi bila madhara. Ni kweli, lakini hilo huthibitisha tu kwamba bunduki hujengwa na akiba ya uimara, na akiba hiyo hupungua chemba ikipata joto au uchafu.

Vichwa navyo hutofautiana kisheria: Azimio la The Hague la 1899 lilikataza vitani vichwa vinavyotanuka mwilini, ilhali wawindaji huvichagua ili mnyama afe upesi.