Kijiti kipo mkononi, mimba imeingiaje? (Historia ya dawa, sehemu ya 4)

Mama zangu na wadada wa Lingeka na Bariadi yote, mwenzenu akipata mimba na kijiti anacho, msikimbilie kusema nesi alikiweka vibaya.

Mwaka 1971 madaktari wa Ujerumani waliona jambo. Wanawake waliotumia rifampisini, dawa ya TB, walitokwa damu katikati ya mwezi ingawa walimeza vidonge vya majira. Baadaye wengine wakapata mimba.

Mwaka 1998 wanasayansi wakagundua protini iitwayo PXR, inayokaa ndani ya seli za ini. Ni kama mlinzi wa geti. Ikikutana na rifampisini, inaliamuru ini litengeneze vimeng'enya vingi vya kuvunja dawa. Homoni za uzazi wa mpango nazo zinavunjwa humo humo, mapema mno.

Kampala nako, utafiti uliotoka 2016 ulifuatilia wanawake 20 wenye kijiti, wanaotumia ARV yenye efavirenzi, ambayo nayo inaliamsha ini. Kabla ya mwaka kuisha, 3 walishika mimba. Hawakusahau kitu, jamani!

Kwa hiyo ukianza dawa za TB au ARV, sema kliniki unatumia njia gani. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hakiathiriki. Dozi ya TB usiikatishe. Na ukiimaliza, ini linahitaji wiki kama 4 kutulia, kwa hiyo endelea na kondomu.

Mtumie na shemeji asome.